Feni ya Tangi Namba Tatu

Msimamizi wa yadi alilisema neno lile saa nne asubuhi, mbele ya wanawake kumi na mmoja na wanaume wasiopungua sita. Mdogo wangu alikuwa ameinama nyuma ya pipa la mchanga, anatapika. Msimamizi akasimama mikono kiunoni, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka getini:

"Bi dada, hapa tunapaka rangi, hatulei mimba. Nenda kapime, ukimaliza urudi."

Mdogo wangu ni mjane. Mumewe alifariki miaka sita kabla ya siku hiyo, na tangu hapo aliendelea kuishi Mlingotini katika nyumba ya wakwe zake, kwa adabu ambayo kila mtu wa pale anaijua. Kwa mjane wa kijiji kama kile, neno hilo si utani. Linatoka getini kabla yeye mwenyewe hajatoka. Linafika kisimani, linafika kwa wauza samaki, linafika uani kwa mama mkwe, na kila linapopita linaongezewa.

Naandika haya kwa sababu ninakijua kilichomtapisha. Kilipita mezani kwangu, mikono yangu ikakishika, nikakiacha kiende.

Mimi ni fundi wa kusuka mota. Banda langu liko Dunda, nyuma ya soko, baina ya muuza mkaa na mshona viatu. Mota ya umeme ikiungua, nyaya za shaba zilizomo ndani hugeuka nyeusi na kunuka. Mimi huzitoa zote, nikaisuka upya koili kwa koili, nikaipaka vanishi, nikaianika ikauke, nikamrudishia mwenyewe. Kazi hii alinifundisha baba. Yeye alisuka mota za mashine za kusaga na za visima mpaka macho yalipomkataa, na watoto wake wa kiume wote waliikimbia meza ile. Nikabaki mimi. Hadi leo, nikiwa na miaka hamsini na mbili, kuna wateja wanaochungulia ndani ya banda na kuniuliza fundi yuko wapi.

Sasa kuhusu yadi. Karibu na Mlingotini kuna mahali ambapo vyombo vya majini huvutwa nchi kavu kutengenezwa. Mwaka ule walivuta tishari moja kubwa, chombo bapa cha chuma kisicho na injini, kinachokokotwa baharini kikiwa kimebeba mawe na mitambo. Tumbo la tishari limegawanywa katika matangi, yaani vyumba vya chuma visivyo na dirisha, na kila tangi lina tundu moja juu la kumtosha mtu mmoja kupita kwa ngazi. Ndani kulikuwa na kutu ya miaka mingi. Ilitakiwa igongwe kwa tindo, isuguliwe kwa msasa, kisha ukuta wote upakwe rangi nzito iliyochanganywa na tina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi.

Msimamizi aliwachukua wanawake kwa kazi hiyo, kwa sababu, alisema, wana miili midogo na hawalalamiki. Wengi wao walikuwa wakilima mwani. Mwani nao, kwa misimu kadhaa, ulikuwa ukioza kwenye kamba kwa sababu maji ya bahari yamezidi joto. Mdogo wangu alikuwa miongoni mwao. Alifurahi kupata kazi. Alinunua viatu vya mpira vipya, akaja Dunda kunionyesha.

Watu wakifanya kazi ndani ya tangi kama lile, lazima wapelekewe hewa. Kwa hiyo pale juu ya sitaha palikuwa na feni. Msidhani ni pangaboi la sebuleni. Ni feni ya melini, sanduku la chuma lenye umbo la konokono, na ndani yake gurudumu la mapanga yaliyopinda, linalozungushwa na mota ya umeme wa fezi tatu. Mdomoni hufungwa bomba la turubai, nene kama gunia la mchele, likashushwa kupitia tundu mpaka sakafuni mwa tangi. Kazi yake ni kusukuma hewa safi chini ili mvuke wa tina upande na kutokea juu. Mvuke ule ni mzito. Hukaa chini, na chini ndiko wanakokaa watu wamechutama na burashi zao.

Mota ya feni hiyo iliungua, wakaniletea. Niliisuka kwa siku mbili. Nilipomaliza niliijaribu mezani, nikafunga nyuzi za rangi kwenye ncha tatu za waya, nyekundu, njano na buluu, kisha nikachukua kipande cha boksi nikaandika kwa herufi kubwa: ANGALIA MSHALE KABLA YA KUFUNGA. Nikakifunga shingoni mwa mota.

Mota ya fezi tatu huzunguka upande wowote ule, kutegemea waya gani umeufunga wapi. Ukibadilishana mbili tu, inageuza mzunguko. Ndiyo maana watengenezaji huchonga mshale kwenye sanduku la feni, kuonyesha gurudumu lielekee wapi. Na feni ya umbo la konokono ina ubaya wake: ukiizungusha kinyume, haigomi. Inaendelea kutoa upepo, lakini kidogo sana, huku ikipiga kelele kuliko siku zote. Asiyejua akiusikia mlio ule hudhani mambo yamenoga.

Nilimwambia dereva aliyekuja kuichukua: "Mwambie fundi umeme wenu auangalie mshale."

"Fundi umeme tumeshaachana naye, mama. Msimamizi atafunga mwenyewe."

"Anajua?"

"Anasema anajua."

Nilitakiwa kupanda gari lile niende nao. Nimeirudia siku hiyo kichwani mara nyingi mno. Mezani palikuwa na mota ya mashine ya kusaga, mwenyewe amekaa kwenye kigoda ananihimiza, na mimi nikasema, basi, maandishi yapo, anayesoma atasoma. Gari likaondoka.

Ulikuwa mwezi wa Shaabani, na wanawake wengi pale yadi walikuwa wakilipa siku zao za Ramadhani iliyopita. Wiki ya kwanza baada ya feni kurudi, wakaanza kuumwa kichwa. Msimamizi akawaambia ni funga. "Mnakuja kazini hamjala, halafu mnataka nguvu zitoke wapi?" Mdogo wangu na mwenzake mmoja aliyekuwa akifanya naye kazi tangi namba tatu wakaacha kufunga, wakala asubuhi na mchana, wakanywa chai ya maziwa. Kichwa kikawa kile kile. Wakitoka juu kwa ngazi walikuwa wanayumba, wanacheka bila sababu, kisha wanalia bila sababu. Yule mwenzake siku moja alisahau njia ya kwenda kwake, akasimama njia panda mpaka jirani akamshika mkono.

Halafu ikafika ile asubuhi ya pipa la mchanga.

Jioni yake mdogo wangu alikuja Dunda. Aliketi kwenye benchi la wateja, hakuvua hata barakoa ya kitambaa iliyokuwa imeshuka shingoni. Alinisimulia neno lenyewe kwa sauti ndogo, akirudia mara mbili kama mtu anayejaribu kulielewa.

"Na wanaume walikuwepo?" nikamwuliza.

"Walikuwepo. Mmoja alicheka."

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Nimjibu nini, dada? Nilikuwa natapika."

Nilitaka kwenda usiku ule ule kumgongea mtu mlango. Akanizuia. Nikamwuliza kuhusu kazi yenyewe, kuhusu rangi, kuhusu feni.

"Feni ipo?"

"Ipo. Inaunguruma, dada, hata hatusikiani mle ndani."

Na mimi, mwenye kusuka mota tangu nikiwa msichana, moyoni niliona fahari. Nilisema, angalau kazi yangu inasikika. Sikujiuliza kwa nini inaunguruma namna hiyo. Hasira niliyokuwa nayo juu ya neno ilinifunika, sikusikia alichokuwa ananiambia. Hilo silifichi.

Nilimsihi asirudi. Nilimwambia mwani utarudi, au abaki na mimi bandani anisaidie kukunja koili. Akatikisa kichwa.

"Nisipoonekana kesho, watasema kweli nimekwenda kupima."

Basi akarudi. Naomba anayesoma aishike vizuri sentensi hiyo, kwa maana ndani yake ndimo ulimo uovu wote. Mwili wake ulikuwa umeshamwambia aondoke mahali pale. Ulimwambia kwa kichwa, ukamwambia kwa tumbo. Ni ulimi wa yule mtu uliomrudisha ndani ya tangi.

Siku ya pili yake, kabla ya adhuhuri, simu yangu ililia. Alikuwa yule mwenzake wa tangi namba tatu, anahema.

"Dada, njoo. Mwenzangu kaanguka ndani."

Nilipanda bodaboda hivyo hivyo, vanishi ikiwa mikononi. Nilimkuta mdogo wangu amelazwa juu ya maboksi, kwenye kivuli cha kontena la ofisi. Walikuwa wamemtoa kwa kanga: mwenzake alimpitishia kanga mbili makwapani, akazifunga, akapiga kelele, na wanaume wawili waliokuwa juu wakamvuta kama ndoo ya kisima. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Macho yalikuwa wazi, lakini aliponiona aliniita mama. Mama yetu alizikwa Miono miaka mingi iliyopita.

Msimamizi alikuwa pembeni anaongea na simu. Nilipogeuka kutazama tishari, nikaona kichwa cha mwanamke kinazama katika tundu la tangi namba tatu. Alikuwa wa tatu. Wawili walikuwa wamekwishashuka.

Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. "Tokeni! Tokeni humo wote!"

Msimamizi akashusha simu. "Mama, huyu mgonjwa wako tunamshughulikia. Kazi za watu usiziingilie."

"Umemtoa mtu amezimia humo, na umeingiza wengine watatu?"

"Huyo ana matatizo yake. Yanajulikana."

Yanajulikana. Alilisema tena, mbele yangu, mdogo wangu akiwa chini kwenye maboksi hajui hata jina lake. Wanawake wale watatu walitoka. Sijui ni kwa kelele zangu au ni kwa kuwa miguu yao wenyewe ilikataa, lakini walitoka, wakasimama sitahani wameshikana mikono.

Tulimpeleka hospitali kwa gari la yadi. Wakamwekea hewa ya oksijeni, wakamtundikia dripu. Daktari, binti mdogo aliyevaa hijabu nyeupe, alinusa nguo zake tu akajua. Alisema amevuta mvuke wa rangi kwa siku nyingi, na kwamba angechelewa kutolewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumza mengine.

Jioni akili zilimrudia. Jambo la kwanza aliloliomba halikuwa maji. Alimwita daktari, akasema: "Nipime mimba."

Daktari akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

"Mama, huna dalili za..."

"Najua sina. Nipime, uandike, na mhuri uweke."

Daktari alimpima. Akaandika, akapiga mhuri. Mwanamke wa miaka arobaini na tatu, mwenye watoto wawili watu wazima, mpira wa oksijeni puani, anaikunja karatasi ile mara nne na kuitia ndani ya sidiria. Nimeona mengi ya kuudhi maishani. Hilo nikilikumbuka mpaka sasa huiweka koili mezani, nikaiacha kazi kwa siku hiyo.

Kesho yake asubuhi nilirudi yadi, na safari hii nilibeba mkoba wa vifaa. Yule mwenzake alinisubiri getini, tukaingia pamoja. Mlinzi hakutuzuia, mke wake alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja. Kazi ilikuwa imesimama, wanawake wamekaa kwenye magogo, lakini feni ilikuwa imewashwa, kwa kuwa msimamizi alitaka kumwonyesha meneja wa yadi kwamba hewa ipo. Nikausikia mlio ule kwa mara ya kwanza kwa masikio yangu mwenyewe. Haukuwa mlio wa kazi yangu. Ulikuwa mlio wa gurudumu linalopigana na hewa.

Nilipanda sitahani, nikachutama kwenye mdomo wa bomba, nikashika pindo la kanga yangu mbele yake. Pindo likacheza kidogo, kama pazia mtu anapopita karibu. Feni ya ukubwa ule ilitakiwa kuninyang'anya kanga.

Nikautafuta mshale. Haukuwepo. Sanduku zima lilikuwa limepakwa rangi ya kijivu, nene, mpya, ili lipendeze. Nikatoa bisibisi, nikaanza kukwangua.

"Unafanya nini na mali ya watu?" Msimamizi alikuwa amekuja nyuma yangu.

"Natafuta mshale."

"Mshale gani? Feni inafanya kazi, huisikii?"

"Naisikia. Ndiyo inayonieleza."

Nilikwangua kwa utulivu, kwa sababu nilijua nikimjibu zaidi nitalia, na sikutaka alione chozi langu. Rangi ikatoka vipande vipande. Mshale ukaonekana, umechongwa ndani ya chuma, unaelekea kulia. Kupitia wavu wa nyuma, kila mtu aliyetaka kutazama aliona gurudumu linazunguka kushoto.

Nikaomba umeme uzimwe. Nilifungua kisanduku cha nyaya. Nyuzi zangu za rangi zilikuwa bado zipo, lakini nyekundu imefungwa mahali pa buluu na buluu mahali pa nyekundu. Kibao changu cha boksi hakikuwepo. Nilizibadilisha zile mbili. Kazi yenyewe haikuzidi dakika tano, spana moja na bisibisi moja. Dakika tano, jamani. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wakipumua sumu wiki nzima na zaidi kwa kazi ya dakika tano.

"Washa," nikasema.

Bomba la turubai lililokuwa limelegea kama soksi likatutumka mara moja, likakakamaa, likaruka upande mpaka wanaume wawili wakalikamata. Mlio ukawa mdogo, wa chini, wa kutulia. Na kutoka kwenye tundu la tangi namba tatu ikapanda harufu ya tina iliyokuwa imelala humo siku zote hizo, kali, ikatufukuza sote nyuma, msimamizi naye akiwemo.

Wanawake walikuwa wamesimama sasa. Hakuna aliyeshangilia. Yule mwenzake wa mdogo wangu aliweka kiganja chake mbele ya upepo, akakiacha hapo muda mrefu.

"Kumbe hivi ndivyo ilivyotakiwa iwe?" akasema.

Nilidhani baada ya hapo mambo yatakuwa rahisi, maana kila mtu ameona. Nilikuwa mjinga. Siku tatu baadaye dereva yule yule alikuja bandani kwangu, akasimama mlangoni bila kuingia, akaniambia kwamba taarifa ya ajali imeshaandikwa na kupelekwa kwa wenye tishari. Aliisoma kwa sababu ndiye aliyeibeba. Imeandikwa kwamba fundi wa nje, mwanamke wa Dunda, aliisuka mota kinyumenyume. Tena imeandikwa kwamba mfanyakazi aliyezimia alikuwa na hali ya kiafya ambayo hakuitangaza kazini.

Karatasi moja ilitutosha sote wawili. Mimi nikawa fundi mbovu, mdogo wangu akabaki na mimba yake isiyokuwepo, na mtu aliyezifunga nyaya hakutajwa popote.

Wakati huo mdogo wangu alikuwa ameshatoka hospitali na kurudi Mlingotini kwa mama mkwe wake. Nilikwenda kumpa habari. Nilimkuta yule mama anamenya mihogo, mdogo wangu amekaa pembeni yake kwenye mkeka. Nikatoa shikamoo, nikaitikiwa. Mdogo wangu akanisimulia kwamba siku aliyorudi alimpa mama mkwe ile karatasi yenye mhuri. Mama mkwe aliipokea, akaitia chini ya kopo la chumvi bila kuifungua.

"Sikuomba karatasi," yule mama akadakia, hajaacha kumenya. "Nimeishi na mwanangu huyu miaka ishirini na tatu. Mwenye haja ya karatasi ni yule mwenye kinywa kichafu. Nendeni mkampe yeye."

Tukaenda. Tulikwenda watatu: mimi, mdogo wangu, na yule mwenzake wa tangi namba tatu. Meneja wa yadi alitupokea ndani ya kontena lenye kiyoyozi, akatuagizia soda, akamwita na msimamizi. Alikuwa mtu mpole wa maneno. Alitupa pole tatu au nne kabla hatujakaa.

Nilianza na mota. Nilikuwa nimebeba mota ndogo ya fezi tatu kutoka bandani, nikaomba niiunganishe kwenye swichi ya karakana iliyo jirani. Nikaiwasha, ikazunguka kulia. Nikabadilisha nyaya mbili, ikazunguka kushoto. Nikarudisha, ikarudi kulia.

"Mota haina kinyume," nikamwambia. "Hakuna fundi duniani anayeweza kuisuka kinyume, kwa kuwa haina upande. Upande anautia anayefunga nyaya. Mwulize nani alifunga."

Meneja akamwuliza. Msimamizi akasema siku ile kulikuwa na shughuli nyingi.

"Sikukuuliza shughuli," meneja akasema.

"Nilifunga mimi. Lakini hakukuwa na maelekezo."

Yule mwenzake wa mdogo wangu, ambaye mpaka hapo hakuwa amefungua kinywa, akasema: "Kulikuwa na kibao cha boksi. Nilikuona unakikalia wakati wa kula."

Meneja akasugua paji la uso. Kisha akatugeukia sisi, akasema alichokuwa amekipanga tangu mwanzo: kwamba makosa hutokea, kwamba gharama za hospitali yadi imebeba, kwamba taarifa itasahihishwa, na kwamba anaomba radhi kwa niaba ya wote, tusameheane, kazi iendelee.

Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa amekaa wima, soda hajaigusa.

"Wewe hukunikosea, bosi," akasema. "Aliyenikosea ni huyu. Na hakunikosea humu ndani kwenye baridi. Alilisema uwanjani, watu wanasikia. Akalifute uwanjani."

Msimamizi akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta wa kucheka naye. Hakumpata. Meneja akanyanyuka, akafungua mlango.

Tulitoka nje. Watu waliitwa, wakakusanyika mbele ya tishari, wanaume na wanawake. Msimamizi alisimama pale pale karibu na pipa la mchanga, akaangalia viatu vyake.

"Jamani, siku ile yalitoka maneno. Kama kuna mtu aliyeudhika, basi naomba radhi."

Watu walianza kuguna wakijiandaa kutawanyika. Mdogo wangu akasema, bila kupandisha sauti: "Hakuna kama. Niliudhika. Sema ulichokisema, na useme kilikuwa uongo."

Nilimwona yule mtu akigeuka kwa meneja kuomba msaada kwa macho. Meneja alikuwa anaangalia bahari.

"Nilisema ana mimba," akasema hatimaye. "Ilikuwa uongo. Alikuwa anaumwa kwa sababu ya feni. Feni niliifunga mimi."

Ndivyo lilivyofutwa. Ningependa kusema kwamba moyo wangu ulipoa, lakini haukupoa, wala haujapoa. Taarifa niliambiwa imesahihishwa. Niliomba kuiona mara tatu, kila mara faili lilikuwa kwa mtu mwingine. Msimamizi hakufukuzwa. Alihamishiwa yadi nyingine upande wa Dar, na ninavyosikia anasimamia watu wengi zaidi kuliko hapo kwanza. Baadhi ya mafundi wa vyombo waliokuwa wakiniletea mota walikata mguu, kwa kuwa habari ilishaenea kwamba mama wa Dunda ni mkorofi, huwezi kumpa kazi akakurudishia bila kukufuata mpaka kazini kwako. Hilo la mwisho ni kweli kabisa. Sasa hivi mota ya feni ya melini haitoki bandani kwangu bila mimi kuifuata, niifunge mwenyewe, niusikie upepo. Asiyetaka akatafute fundi mwingine.

Mdogo wangu alirudi kazini, akafanya mpaka tishari lilipomaliziwa na kushushwa majini. Nilimkataza tena, hakunisikia tena. Alitaka waliomwona ameinama wamwone amesimama. Siku tishari liliposhuka alivua viatu vya mpira, akavigawa, akaenda Miono kwenye shamba alilotuachia mama, na huko yuko hadi leo. Harufu ya rangi hawezi. Nyumba ya jirani ikipakwa, yeye hulala kwa watu.

Juzi tulizungumza kwa simu. Nilikuwa nimesikia jina la yule mtu likitajwa sokoni, nikawa sijala tangu asubuhi. Nikamwuliza kama naye bado ana hasira.

"Hasira unazo wewe, dada," akasema. "Mimi nina ufuta wa kupalilia, na mvua imeshaanza. Utakuja lini?"

Nikamwambia Ijumaa. Akaniagiza nimletee jembe lenye mpini mfupi, sabuni, na dawa ya kuku.